Orodha Iliyosomwa Jioni Tatu

Kolwezi, Jumatatu 19 Aprili 1993

Yaya Henriette,

Uchaguzi wa wabunge uliopangwa Jumapili ijayo hautafanyika. Msemaji wa tume ya uchaguzi ametangaza hivyo leo saa sita mchana kutoka mji mkuu. Amesema karatasi za kura hazijafika katika mikoa minne. Hakutaja tarehe nyingine. Bunge lilivunjwa tarehe 28 Januari, tukaambiwa tuchague jingine ndani ya siku tisini, na siku tisini zinakwisha wiki ijayo.

Nisamehe, nimeanza na kazi ya redio kabla ya salamu. Hujambo yaya, dada yangu mkubwa? Shemeji Tshilombo hajambo? Watoto, Jessica na Agnès, je? Mkuu wa stesheni ameniambia kwamba treni yenu ilifika Mwene-Ditu tarehe 11, siku ya Pasaka, baada ya siku tisa njiani. Hakuweza kuniambia nani alishuka, ndiyo maana ninaandika.

Mama yuko Mutoshi. Mguu umepungua kuvimba. Kila nikienda anauliza kama mmepata nyumba, nami nimemwambia mmepata. Usiniharibie.

Nilipita Kasulo Alhamisi. Nyumba yenu inakaliwa na watu nisiowajua. Mama Odile wa nyumba ya mbele alifanikiwa kutoa cherehani na picha ya harusi kabla hawajaingia. Vitu hivyo viko kwangu, vimefungwa kwenye blanketi.

Barua hii anakuletea Alfani, yule mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu. Watu wa dini yake na wa kwao hawajaguswa, anasafiri bila shida. Mjibu kwa mkono wake.

Ndugu yako,
Stanislas


Mwene-Ditu, 24 Mei 1993

Stani mudogo wangu,

Jambo. Barua yako ilifika jana ndani ya gunia la chumvi, pembe moja imelowa. Tata Alfani alisema, "Mama, mimi nabeba chumvi, sijui kama hii karatasi itakuwa tamu ao kali." Weye kweli haubadiliki. Mutu amefukuzwa na mutoto mgongoni, unamwandikia kwanza msemaji wa tume amesema nini. Jessica alisoma ule mstari wa kwanza na sauti yako ya redio, darasa lote likacheka.

Nasema darasa kwa sababu tunakaa darasani, kwenye shule ya misheni, familia tisa, tumegawana na vitenge vilivyotundikwa kwenye kamba. Mwambie mama hujamdanganya. Nyumba tunayo, iko na ubao na chaki. Agnès alipata surua, amepona, lakini amekonda, amebaki macho tu. Jessica anateka maji. Wanawake wa kisimani, hapa Kasai, wananiita mwana-Katanga. Kule nilikuwa bibi ya Mukasai. Kila mahali nina jina.

Asante kwa cherehani. Mungu ambariki Mama Odile.

Sasa niulize neno moja. Ile Jumatano tarehe 17 Machi nilikuwa nasonga bukari, na redio ya Mama Odile ilikuwa wazi. Nikasikia sauti yako: "Tshilombo Albert, fundi umeme, Kasulo, avenyu ya Pili, namba 14, nyumba ya nyuma, mlango wa bluu, kupitia uani kwa Odile."

Stani, tulikaa pale miaka kumi na moja. Kampuni ya madini iliandika namba 14 tu. Watu wa maji walikuwa wanagonga kwa Odile. Barua za posta zilikuwa zinaishia kwa Odile. Lakini asubuhi ya Alhamisi wale vijana wa chama hawakugonga kwa mutu. Waliingia uani moja kwa moja. Mmoja akasema, "Ni hapa. Mulango ya bleu, vile redio ilisema." Mwingine akaniambia, "Mama, weye bakia. Weye ni mutoto wa hapa. Tunatafuta huyu bilulu yako."

Mdudu, ndivyo walivyomwita. Nikamjibu, "Huyu bilulu ndiye alirudisha umeme kwa mama yako, na mama yako alimupikia kuku."

Akasema, "Ile kuku alikula, inatosha. Atoke."

Najua orodha ilitoka ofisi ya uandikishaji. Lakini ile ofisi haijakula kwetu hata Jumapili moja. Nani aliwaambia mlango?

Stesheni tulilala siku kumi na tano. Ulikuja siku moja. Ulisimama ng'ambo ya reli na daftari, ukahesabu watu. Niliinua mkono. Labda haukuona.

Yaya yako,
Henriette


Kolwezi, 21 Juni 1993

Yaya Henriette,

Hujambo na watoto? Nimefurahi kusikia Agnès amepona. Mama anatembea tena hadi kanisani, mita mia tatu na hamsini, anapumzika mara mbili. Nimemwambia kuhusu ubao na chaki. Alisema basi watoto hawatapoteza mwaka.

Hapa kampuni imewaandikia barua wafanyakazi waliobaki kwamba mishahara ya Mei itachelewa. Karakana ya umeme ina mafundi wanne. Walikuwa thelathini na moja. Mtambo mmoja wa kusukuma maji umesimama tangu tarehe 2, na hakuna anayejua kuufungua. Vijana waliokuwa wanapiga kelele barabarani sasa wanapanga foleni ya maji na ndoo.

Umeuliza kuhusu orodha. Ilikuwa na majina 212. Sheria ya uchaguzi ule wa haraka ilisema kila mtu apige kura mkoa alikozaliwa baba yake, na ofisi ikataka watu ambao baba zao walizaliwa Kasai waje na uthibitisho. Ililetwa redioni na Kabamba, katibu wa ofisi ya uandikishaji. Ilisomwa kama matangazo mengine yote, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya bei za soko. Karatasi niliyokuwa nayo studio ilikuwa imepigwa chapa. Nilisoma kilichoandikwa. Msomaji wa redio hasomi kisichoandikwa.

Stesheni nilihesabu watu 3,400 hadi treni ya mizigo ilipopita katikati. Niliacha hapo.

Nakutumia kilo kumi za chumvi, sabuni nne na kitenge. Umeandika kurasa mbili na hakuna mahali umesema shemeji hajambo. Aliumia ubavu, hilo Odile aliniambia. Nauliza mara ya pili: yukoje?

Stanislas


Mwene-Ditu, 30 Julai 1993

Stani,

Jambo sana. Jessica hajambo, Agnès hajambo. Chumvi imefika. Tata Alfani alikataa kupokea hata chai, akaketi mlangoni kidogo, akaondoka. Sasa najua alikuwa ameona mkeka ninaokalia.

Albert alikufa Jumanne tarehe 6 Aprili, kati ya Bukama na Kamina. Behewa lilikuwa la kubebea madini, halina paa. Tokea Tenke alikuwa anakohoa damu. Treni ilisimama kungoja mafuta, wanaume wakachimba pembeni ya reli na vipande vya bati. Nilikaa pale dakika chache tu, firimbi ikalia. Hakuna msalaba. Kuna nguzo ya simu, ya tatu baada ya daraja. Weye unapenda hesabu, iandike.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unaandika "shemeji hajambo", na mi nilitaka abaki mzima mahali fulani, hata kama ni kwa karatasi yako.

Sasa sikiliza jambo la ukweni. Tangu Pasaka nimekaa chini kwenye mkeka. Siendi soko, sishiki mkono wa mutu, nywele sikati. Ndiyo desturi yao. Mjane hatoki kwenye mkeka mpaka ndugu yake wa kiume aje, akae mbele ya wazee wa mume, aulizwe, "Kwenu muko na neno gani juu ya hiki kifo?" Akijibu, wananiosha, wananinyoa, ninasimama. Shemeji Mulumba, kaka mkubwa wa Albert, ameuliza mara tatu: ndugu yako iko wapi? Nimesema iko kazini.

Baba hayuko. Kwetu mwanamume ni weye peke yako. Bila kuoshwa siwezi kushona, siwezi kuuza hata kiberiti. Jessica anateka maji ya watu ndipo tunakula. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

Njoo. Na ujue watakuuliza. Mulumba amesikia kwa wengine waliofukuzwa kwamba redio ilitaja mpaka mlango. Bado hajui ni sauti ya nani. Mi sijamwambia.

Henriette


Kolwezi, 23 Agosti 1993

Yaya Henriette,

Tume ya uchaguzi imetaja tarehe mpya: Jumapili 12 Desemba. Mwenyekiti wake aliisoma mwenyewe jana jioni.

Pole, yaya. Pole sana kwako na kwa watoto. Nimemwambia mama. Alikaa sakafuni jikoni, hakutaka kiti. Padri amesoma misa kwa jina la Albert. Tulikuwa watu tisa.

Kwa sababu ya uchaguzi, redio imefuta likizo zote hadi mwisho wa mwaka. Njia pia si salama kwa mtu wa huku anayekwenda huko. Wiki iliyopita mfanyakazi wa reli kutoka Kolwezi alipigwa Luputa. Nimefikiri namna nyingine. Binamu yetu Mwamba yuko Kamina, karibu na ninyi kuliko mimi, na ni mwanamume wa ukoo wetu. Nimemwandikia. Atakuja kukaa kwa niaba yangu.

Nakutumia chumvi kilo ishirini.

Stanislas


Mwene-Ditu, Jumapili 12 Septemba 1993

Stani,

Salamu za watoto. Mama apokee pole yangu.

Mwamba alikuja Jumatano. Alinawa, akala, akakaa mbele ya wazee. Mulumba akamuuliza, "Kwenu muko na neno gani juu ya hiki kifo?" Mwamba akatazama viatu vyake. "Mi sijui kitu, tata. Mi nilitumwa."

Mzee mmoja akacheka. "Tuliomba ndugu, wametuletea bahasha."

Walimpa ndizi za njia, wakamrudisha Kamina. Sasa wameweka siku ya mwisho: Jumamosi tarehe 6 Novemba, saa tatu asubuhi. Siku ile usipokuwepo watanyoa wenyewe, na itasemwa kwamba mi sina watu. Mwanamke asiye na watu, watoto wake wanakwenda kwa baba yao mkubwa, kijijini. Mulumba si mutu mubaya. Analia akimwona Agnès. Lakini atawachukua.

Neno la pili. Orodha ulisoma jioni tatu. Blandine, mama wa ubatizo wa Agnès, ulimsoma Jumatatu. Jumanne asubuhi alikuwa barabarani na batoto wake. Ukasoma tena Jumanne. Ukasoma tena Jumatano, na sisi tulikuwa wa Jumatano. Katika barua ya kwanza sikukuuliza hili. Nilikuuliza mlango tu, kwa sababu mlango nilikuwa naweza kubeba jibu lake.

Kama hauji, usije. Ila usinitumie tena chumvi. Kama unakuja, niandikie kwanza. Neno lako nisilisikie siku moja na wakwe.

Henriette


Kolwezi, Jumatatu 4 Oktoba 1993

Yaya,

Mama anakusalimu. Amewafumia watoto kofia mbili, moja kubwa mno. Alitaka kujua naandika nini kwa muda mrefu hivi, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia niende nikalale nyumbani kwangu. Sijaitwa Mutoshi tangu siku hiyo. Leo ni siku ya sita.

Mlango niliutaja mimi.

Kabamba alileta orodha Ijumaa tarehe 12 Machi. Yalikuwa majina matupu. Nilimwambia haisomeki hivyo: avenyu moja ya Kasulo ina akina Mulumba Jean watatu, asiyehusika atapanga foleni bure na anayehusika atabaki nyumbani. Kabamba akasema, "Basi itengeneze, Stani. Weye ndiye mutu wa kazi ya sawasawa." Nilipenda alivyosema. Jumamosi na Jumapili nilizunguka na baiskeli na daftari, nikiuliza majirani. Walinijibu vizuri kwa sababu wanaijua sauti yangu. Nilipata nyumba 209 kati ya 212. Kwa Albert sikuuliza mtu. Niliandika kwa kumbukumbu.

Jumapili ile nilikula kwenu. Mlipika sombe. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wenu. Sikumwambia Albert. Kwetu redioni tangazo halisemwi kabla ya saa yake. Nilifuata hilo kwa mtu aliyekuwa ananiongezea mboga.

Mpaka hapo ningeweza kusema sikujua. Nilifikiri atakwenda ofisini, atapata kadi, itakuwa kichekesho.

Jumatatu nilisoma majina 70. Jumanne saa moja asubuhi nilikutana na Blandine barabarani. Nilisimama nikaandika: familia moja, watu sita, godoro moja. Aliniambia, "Bwana Stani, asante, umetusoma vizuri." Hakuwa anatukana. Alikuwa amechoka, na ndiyo salamu aliyoipata. Jumanne jioni nilisoma mengine 70.

Jumatano yalibaki 72. Albert alikuwa wa thelathini na moja. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimekwisha kuyaona majina hayo, baiskeli ilikuwa nje, na kutoka studio hadi Kasulo ni dakika ishirini. Nilijiambia kwamba nikiruka jina la shemeji wangu, Kabamba ataona, na nikienda kuwaonya, jirani ataona. Nilikaa nikasahihisha makosa ya mashine ya chapa. Yalikuwa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu nilisoma.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba nilijua.

Stesheni niliuona mkono wako.

Likizo ya Agosti sikunyimwa. Sikuwa nimeomba. Nimeomba Ijumaa iliyopita, na sasa nimenyimwa kweli. Mkuu wa kituo amesema nikipanda treni nisirudi studio. Ninapanda.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kulificha. Wiki iliyopita Kabamba alileta orodha ya uchaguzi wa Desemba, majina 96, na safari hii nafasi ya anwani imeachwa wazi makusudi. Nilimwambia nina malaria. Sikuwa na malaria. Orodha akapewa Fadhili, mwenzangu mdogo kazini. Leo asubuhi nimemweleza Fadhili yote niliyokuandikia hapa. Alisikiliza, kisha akauliza, "Tata, ofisi ikiniuliza nimekataa juu ya nini, niseme nini?" Nilimwambia aseme ni mimi niliyemkataza. Alichukua baiskeli akatoka. Sijui alikwenda ofisini kukataa au mitaani kuuliza anwani. Kwa hiyo siji kwenu na tendo jema mkononi.

Sitasema mbele ya wazee kwamba niliagizwa. Kabamba aliagiza majina tu. Sitasema pia kwamba ningepoteza kazi, maana hakuna aliyenitishia. Mulumba akitaka kunipiga, usiingie katikati. Akinikataa kama ndugu wa kukuosha, basi aambiwe kosa ni langu, si la ukoo, na kwamba mama yako yu hai, ana umri wa miaka sabini na moja na yuko tayari kupanda treni hiyo hiyo mwezi unaofuata, ili isisemwe huna watu. Hilo amelisema yeye, kabla hajaniambia niondoke.

Alfani ataondoka na barua hii Jumatano tarehe 6. Atarudi Kolwezi kabla ya tarehe 24. Ukiona ni heri nisije, mwambie neno moja tu, nami sitakuja, na sitauliza sababu.

Asiponiletea neno, treni ya abiria inatoka Kolwezi Jumanne tarehe 26 Oktoba, saa moja asubuhi, kupitia Tenke na Kamina. Umeandika kwamba wazee wanakaa saa tatu, Jumamosi tarehe 6 Novemba. Mulumba akiuliza kwetu tuna neno gani, usijibu wewe.

Stanislas